Kichwangomba cha Relini

Mtumbwi ukipinduka Lualaba, watu wa Kasongo hukimbilia ukingoni kuhesabu waliotoka majini. Lori likipinduka kwenye njia ya Kabambare, swali la kwanza ni nani alikuwa juu ya mizigo. Kupinduka, katika Kiswahili cha Maniema, mashariki mwa Kongo, kama cha pwani, ni neno la msiba. Ndiyo maana nasitasita kila nionapo mfasiri amelitumia kueleza treni za michezo zinazomgeuza abiria kichwa chini, miguu juu.

Treni hizo, rolakosta, hazipo Maniema. Hata hivyo zimeingia katika mazungumzo ya familia za huko kwa njia ya simu. Wakimbizi wengi wa mashariki mwa Kongo walipitia kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, kisha wakahamishiwa Marekani, na mji wa Louisville, jimbo la Kentucky, ni mmojawapo wa miji iliyowapokea. Louisville una bustani ya michezo iitwayo Kentucky Kingdom. Mtoto akitoka huko jioni akampigia mama yake mkubwa aliyebaki Kabambare na kumwambia, «Mama, leo tulipinduka mara tatu,» atajibiwa, «Mulipinduka? Nani ameumia?» Naye mtoto amesema kweli tupu: treni ya Storm Chaser, iliyofunguliwa hapo mwaka 2016, humgeuza abiria mara tatu, na mara ya kwanza ni kwenye mteremko wa kwanza kabisa.

Wasomi wa Kasongo wana njia ya mkato: Kifaransa. Kwa lugha hiyo rolakosta ni «milima ya Kirusi», kwa sababu mchezo ulitokana na vilima vya barafu vya karibu na Saint Petersburg, na mwaka 1817 Paris ikajengewa ya magurudumu huko Belleville. Warusi wenyewe huiita milima ya Kimarekani. Kila mtu anamsukumia jirani. Lakini jina hilo linataja vilima na miteremko tu. Halisemi lolote juu ya kugeuzwa, na rolakosta nyingi hazimgeuzi mtu. Formula Rossa ya Abu Dhabi ilipofunguliwa mwaka 2010 ndiyo iliyokuwa na kasi kuliko zote duniani, kilomita 240 kwa saa, na abiria wake hakai kichwa chini hata nukta moja.

Tunachotafuta, basi, ni jina la tendo moja: njia ya reli kumpeleka abiria hadi kichwa kiwe chini, kisha kumrudisha wima. Waungwana wa pwani wanalo tayari, na watoto ndio walitumiao: kichwangomba. Mtoto hutia kichwa chini, hurusha miguu, hutua upande wa pili akiwa mzima. Linahesabika bila taabu, na tukilichukua tutasema The Smiler ya Alton Towers, Uingereza, ina vichwangomba 14, rekodi iliyowekwa mwaka 2013. Zaidi ya hayo, lina kurudi ndani ya maana yake. Kilichopinduka hubaki kimepinduka mpaka kije kuinuliwa. Aliyepiga kichwangomba amesimama tena.

Jina hilo lisichanganywe na jambo jingine ambalo hata Wazungu wenyewe hulichanganya. Kuna treni ambazo reli iko juu ya vichwa vya abiria na viti vinaning'inia chini yake, miguu hewani. Ya kwanza ya mtindo huo wa sasa ilifunguliwa karibu na Chicago mwaka 1992. Kentucky Kingdom ina T3, na Johannesburg, ambako Wakongo ni wengi, ina Anaconda, katika bustani ya Gold Reef City iliyojengwa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu. Mchimbaji wa dhahabu wa Namoya, huko Maniema, angecheka kusikia watu wanalipa kiingilio kwenda mgodini. T3 na Anaconda ni treni za kuning'inia. T3 ina vichwangomba vitano pia, lakini kuning'inia kwake ni habari mbali.

Swali la kila anayesikia habari hii ni lile lile: kwa nini treni haianguki? Tazama gurudumu. Treni ya reli ya Kindu hadi Kongolo, ile iliyojengwa ng'ambo ya magharibi ya Lualaba ili kukwepa maporomoko, hukaa juu ya reli kwa uzito wake, na ukingo mdogo wa gurudumu ndio unaoizuia kwenda pembeni. Ukiiinua, imetoka. Behewa la rolakosta lina magurudumu ya namna tatu kila pembe: moja hukanyaga reli kwa juu, jingine huisukuma kwa ubavu, la tatu liko chini ya reli na hulizuia behewa kunyanyuka. Hilo la tatu lilipewa hataza Marekani mwaka 1919, kwa jina la John Miller. Bomba la reli limekumbatiwa pande zote, hivyo behewa halina pa kwenda ila mbele au nyuma.

Abiria naye? Aliyepakiwa kwenye pikipiki kati ya Kasongo na Kabambare amekwisha kuonja nusu ya jibu. Pikipiki inapofika kwa kasi chini ya bonde, makalio hubanwa kwenye kiti na mzigo huwa mzito. Inapovuka mgongo wa kilima, tumbo huinuka. Kichwangomba cha duara ni bonde lililoendelea kupanda mpaka likajifunga. Kasi ikitosha, njia inakusukuma kuelekea katikati hata ukiwa juu kabisa, na badala ya kuning'inia unahisi kiti kikikubana.

Taabu iko kwenye umbo. Kama njia ni duara kamili, na treni ina kasi ya kutosha tu kupita kileleni, inapofika chini abiria huhisi uzito mara sita ya wake: mtu wa kilo 60 anabanwa kama mwenye kilo 360. Flip Flap ya Coney Island, New York, mwaka 1895, ilikuwa duara kamili, na shingo za watu zililipa. Dawa ilikuja mwaka 1976 huko California: Mjerumani Werner Stengel alichora njia ya treni iliyotengenezwa na Anton Schwarzkopf, akatumia mkunjo uitwao klothoidi, ambao mafundi wa reli za kawaida walikwisha kuutumia kuingizia treni konani taratibu. Chini njia imejipinda kidogo, juu imejikunja sana, na umbo lote ni kama tone la maji. Treni hiyo iliitwa Revolution. Mtu wa Unguja angeitafsiri Mapinduzi, na mtu wa Zaire ya zamani angekumbuka chama cha Mobutu, kilichobeba neno hilo katika jina lake.

Kwa umbo hilo siwezi kukubali «duara la wima», ingawa linapendeza. Duara ndilo kosa lenyewe lililoachwa. Nasema kitanzi. Najua neno hilo lina kamba ya kunyongea, lakini lina kitanzi cha kifungo pia, na fundi cherehani hajawahi kumwogopesha mtu kwa kulitamka. Ndugu yake ni kizibuo, pale njia inapojisokota mfano wa chombo cha kuzibulia chupa. Wa tatu ni mviringisho: njia inakwenda mbele huku behewa likijizungusha kando.

Tofauti hizo mwili unazijua. Kwenye kitanzi utabanwa, na wengine macho hufifia kidogo pale chini kwa damu kukimbilia miguuni. Kwenye mviringisho wa polepole kubanwa hakupo; hapo kweli unaning'inia, uzito wako wote uko kwenye vizuizi vya mabega na mapaja, na sarafu, funguo na simu hutoka mifukoni. Kichwa chini unakaa sekunde moja au mbili. Kaa wima, egemeza kichwa nyuma kabla ya kuingia, maana treni ikikukuta umeinama shingo itavutwa. Mwenye mimba, mgonjwa wa moyo, wa shingo au wa mgongo hapandi. Mlangoni kuna kipimo cha urefu, na mtoto asiyekifikia hurudishwa hata akilia, kwa sababu kizuizi kimetengenezwa kwa bega lililo juu kuliko lake.