Tarehe ya Fuzari na Mikorosho ya Mtwara

Mwenye kuandika tarehe ya pwani hii ya kusini, tangu Mikindani hata Msimbati na maingilio ya Mto Ruvuma, desturi yake ni kuanza na watu na majahazi yao. Lakini mimi naona kwamba tarehe ya Mtwara haitimii pasipo kutajwa mti na kuvu, kwa kuwa maisha ya mji huu na ya bara yake, Newala, Tandahimba na Masasi, yamefungamana na mkorosho, nao mkorosho una mahasimu wadogo mno kuonekana kwa macho.

Asili ya mkorosho ni Brazil. Wareno waliuleta Msumbiji katika karne ya 16, ukavuka Ruvuma, ukaukubali mchanga wa huku. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilipata tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 hazikufika tani 17,000. Sababu zilikuwa nyingi: watu walihamishiwa vijiji vya ujamaa, mashamba yao yakabaki mbali na kumezwa na magugu, bei iliwavunja wakulima moyo, na tangu 1979 ukaingia ubwiriunga, kuvu itandazayo unga mweupe juu ya maua na majani machanga, na maua yakakauka kabla ya kufunga korosho. Wataalamu wa kituo cha Naliendele, nje kidogo ya mji wa Mtwara, waliukabili kwa salfa na kwa miche bora, na kwa rehema za Mwenyezi Mungu juhudi hiyo haikupotea, maana msimu wa 2017/18 mavuno yalipita tani 313,000.

Hata hivyo, mwaka 2012, katika wilaya ya Mkuranga, mkoa wa Pwani, yalionekana maradhi mengine ambayo salfa haiyafikii, kwa kuwa hayashuki na upepo juu ya maua bali hupanda kutoka ardhini. Majani ya mti uliokomaa hugeuka manjano, hunyauka, hukauka yakiwa yangali matawini. Na mkulima akilichanja shina kwa panga huona, chini ya gome, mishipa ya kupandishia maji imegeuka rangi ya hudhurungi. Huo ndio mnyauko fuzari, na msababishi wake ni Fuzari oksisporumu.

Kuvu hii, ambayo mtaalamu wa Kijerumani Schlechtendal aliipa jina lake mwaka 1824, imo katika udongo wa takriban dunia nzima, na wengi wa ukoo wake ni wapole, hula mabaki ya mimea na kuishi mizizini pasipo madhara. Lakini wamo wauaji: mmoja wa mgomba, mwingine wa mnyanya, mwingine wa pamba, kila mmoja na mti wake. Tena haijapata kuonekana ikizaana kwa kuoana. Mtoto ni nakala ya mzazi. Vipi basi ukoo wa namna hii umewazaa wauaji wengi mbalimbali?

Jawabu lilitolewa mwaka 2010 katika jarida la Nature, na jopo ambalo Li-Jun Ma alikuwa miongoni mwa viongozi wake. Walipozisoma kromosomu 15 za fuzari wa mnyanya, walikuta 4 zisizofanana na za jamaa zake wa karibu, nazo zimebeba jeni za kuudhuru mnyanya. Wakamweka muuaji pamoja na mpole katika chombo kimoja. Na mpole, baada ya kupokea kromosomu mbili za mwenzake, akaanza kuiua minyanya. Nyuzi za kuvu zikutanapo ncha kwa ncha huweza kuungana, kuta zikafunguka, na vilivyomo vikapita upande wa pili. Sisi watu wa pwani tunajua kwamba mirathi hufuata nasaba, ilhali hiba mtu humpa amtakaye angali hai, hata asiye wa damu yake; ukoo wa fuzari umetajirika kwa hiba kuliko kwa mirathi.

Wala si fuzari peke yake. Kuvu waishio katika tumbo la mbuzi na ng'ombe, wasagao majani makavu, walizipata baadhi ya jeni za kazi hiyo kwa bakteria walio jirani zao humo humo tumboni.

Afrika Mashariki ina ushahidi wake, nao ni mchungu. Mnyauko wa kahawa ulionekana Afrika ya Kati mwaka 1927, ukadhibitiwa, kisha ukarejea, ukaangamiza mibuni ya Kongo na ya Uganda, ukaingia Kagera. Mwaka 2024 Lily Peck na wenzake walitangaza uchunguzi wa vielelezo vya zamani vya kuvu iletayo mnyauko huo, vilivyohifadhiwa kwa miongo mingi huko Uingereza, wakakuta ndani yake vipande vikubwa vya vinasaba vyenye jeni za maradhi, vilivyotoka kwa Fuzari oksisporumu, ambayo hupatikana katika mizizi ya migomba na ya mibuni, mimea ipandwayo pamoja katika mashamba ya Maziwa Makuu.

Basi jirani shambani ni jambo kubwa. Ng'ambo ya Ruvuma, katika jimbo la Nampula, fuzari mkali wa migomba aligunduliwa mwaka 2013, naye husafiri na tope la viatu, la majembe na la machipukizi. Hivyo kuosha jembe kabla ya kuhamia shamba jingine, na kuung'oa na kuuchoma mti uliokufa mahali pale pale uliposimama, ni kuwazuia wageni wa aina hiyo wasikutane na wenyeji. Naliendele huchagua mikorosho yenye kustahimili mnyauko, na kazi hiyo naiheshimu mno; ila mti uliostahimili kuvu ya leo sharti ujaribiwe tena, kwa maana kuvu ya kesho yaweza kuwa na jeni ambazo ya leo haina. Kwa hiyo ningependa kila mwaka vielelezo vya fuzari kutoka Mkuranga, Tandahimba na Newala vihifadhiwe hapa hapa Mtwara, kila kimoja kimeandikwa kijiji, mti na tarehe, kwa kuwa vile vya kahawa ndivyo vilivyowawezesha wachunguzi kujua nani alimpa nani nini.