Karura Ilipona, Mau Ikakatwa

Ijumaa ya tarehe 16 Februari 2001, Gazeti Rasmi la Serikali lilitoka na matangazo ya Waziri wa Mazingira, Noah Katana Ngala. Yaliandikwa kwa ile lugha kavu ya masoroveya: namba za ramani, hekta na majina ya misitu. Mau ya Mashariki, hekta 35,301. Mau ya Kusini Magharibi, hekta 22,797. Kisha vipande vidogo vidogo, vikiwemo vya Londiani, Mau ya Magharibi na Tinderet ya Kaskazini, yaani misitu inayoizunguka Kipkelion, huku Kericho. Kwa jumla waziri alikusudia kufuta karibu hekta 67,000 katika orodha ya misitu ya taifa. Sheria ya wakati huo, Sura ya 385, ilimtaka atoe notisi ya siku 28, mwenye pingamizi alilete, basi.

Gazeti Rasmi si gazeti la kuuzwa stendi ya Kipkelion pamoja na Taifa Leo. Mkulima wa Sorget au Kedowa aliipata habari redioni, kama aliipata. Na kule Mau ya Mashariki, na Tinet katika Mau ya Kusini Magharibi, watu hawakuhitaji gazeti: upimaji na ugawaji wa mashamba ulikuwa umeanza tangu miaka ya tisini. Waziri alikuwa anabariki harusi ambayo mahari yake ilikwisha kuliwa.

Kinachoshangaza ni kwamba haya yalitokea miaka miwili tu baada ya Wakenya kupigania msitu na kushinda. Katikati ya mwaka 1998 ilibainika kuwa Karura, msitu wa hekta 1,041 ulio ndani ya Nairobi, umegawanywa kwa kampuni za kibinafsi zijenge makazi ya kifahari. Oktoba 7 waandamanaji waliingia na kuteketeza mitambo ya wajenzi. Januari 8, 1999, Profesa Wangari Maathai alikwenda langoni na wabunge, wanahabari na marafiki wa mazingira ili apande mti, wakashambuliwa na genge la walinzi. Alipasuliwa kichwa, na alipofika kituo cha polisi akatia sahihi taarifa yake kwa damu iliyokuwa ikimtoka. Wanafunzi wa vyuo vikuu wakaingia barabarani. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake Gigiri yanapakana na msitu huo, likapaza sauti, na Katibu Mkuu Kofi Annan naye akalaani. Agosti 1999 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Karura ikabaki msitu.

Chukua zile hekta za Mau ya Kusini Magharibi peke yake, zigawanye kwa hekta za Karura: unapata karibu Karura 22. Ziliondoka kwa tangazo la Ijumaa moja, na huku nchi ya chai hakuna tingatinga lililochomwa.

Si kwamba hakuna aliyepinga. Waogiek, ambao msitu huu ni kwao kabla ya ramani yoyote, walikwenda Mahakama Kuu mwaka 1997 kupinga ugawaji wa ardhi ya Mau kwa watu wengine. Machi 7, 2001, Maathai alikamatwa karibu na Mlima Kenya akikusanya sahihi za kupinga unyakuzi. Pingamizi zilimiminika katika ofisi ya waziri. Oktoba mwaka huohuo waziri alitia muhuri hata hivyo. Lakini swali langu ni la karibu zaidi: mbona kijiji kinachochuna chai kwa mvua ya msitu huo hakikuinuka kama Nairobi ilivyoinuka?

Jibu liko katika historia ya makazi yenyewe, na historia hiyo inaanza na reli. Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, ikipita kwenye kituo kilichoitwa Lumbwa, ambacho leo ndicho Kipkelion. Treni ziliendeshwa kwa kuni, na kuni zilikuwa msituni. Nyuma ya reli wakaja walowezi. Mwaka 1908 hapohapo Lumbwa walianzisha chama cha ushirika kinachohesabiwa kuwa cha kwanza nchini. Mwafrika hakuruhusiwa kuwa mwanachama. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ekari 25,000 za Wakipsigis huko Kericho zilitengwa kwa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani. Walipanda kitani, bei ikaanguka, mradi ukafilisika, na katikati ya miaka ya ishirini kampuni za chai zikaingia. Wenyewe walibaki katika rizavu, au wakawa maskwota kwenye mashamba waliyokuwa wakilisha ng'ombe wao jana.

Msitu ulichorwa mipaka baada ya hapo. Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilitangaza misitu mingi kuwa hifadhi, Karura na Mau ya Kusini Magharibi zikiwa katika orodha moja. Mwaka huohuo ikateuliwa Tume ya Ardhi iliyoongozwa na Morris Carter, ambayo ilipendekeza Waogiek waondolewe msituni na kutawanywa katika rizavu za makabila mengine. Nyumbani kwao Uingereza, katika miaka hiyohiyo, watu wa tabaka lile lile walikuwa wakiunda vyama vya kulinda mashamba na vijiji vyao dhidi ya nyumba mpya. Sheria ya kuuzungushia mji wa London ukanda wa kijani ilipitishwa mwaka 1938. Kule aliyetetea mandhari ni jirani wa mandhari. Huku jirani ndiye aliyeambiwa ahame.

Uhuru ulipokuja, mashamba ya walowezi wa Kipkelion, Londiani na Fort Ternan hayakurudi yote kwa waliokuwa na njaa ya ardhi. Mengine yalinunuliwa kwa hisa na kampuni za wananchi, wanachama wakitoka Kisii, Nyanza na Mkoa wa Kati, na mengine yakapita katika mikono ya wakubwa. Kidonda hicho kilitumbuliwa na wanasiasa. Mapigano ya kikabila yaliyoanzia shamba la Meteitei mwishoni mwa Oktoba 1991 yalishuka hadi Owiro, Kunyak na Thessalia. Mwaka 2008, baada ya uchaguzi uliobishaniwa, moto ulirudi, na abasia ya Watrapisti ya Kipkelion, iliyoanzishwa mwaka 1956 na watawa kutoka Uholanzi, ikajaa wakimbizi. Mwaka huohuo watawa wenyewe walifunga virago wakahamia Uganda.

Mtu aliyeishi hayo, ukimwambia serikali inagawa shamba msituni, hafikirii kwanza mvua. Anamfikiria mdogo wake asiye na pa kujenga. Karura ilikuwa rahisi kwa maana moja: nyumba zile zilikuwa za matajiri, tena matajiri wasiojulikana majina. Hekta za Mau ziliahidiwa maskini, na maskini huyo ana jina, ana watoto, huenda mmekula naye sikukuu. Kumpinga ni kumpinga ndugu. Hiyo ndiyo silaha ambayo wanyakuzi wa Mau waliitumia, na waliitumia kwa ustadi kuliko wale wa Karura.

Serikali ilijua mapema kwamba shinikizo la makazi lingefika msituni, na dawa iliyobuniwa ilikuwa ya chai. Mwaka 1986 ilitangaza Kanda za Chai za Nyayo: ukanda wa chai wa upana wa mita 100 hivi kuzunguka kingo za misitu ya nyanda za juu. Ukisimama kwenye ukanda huo utaelewa hoja. Upande mmoja mahindi, ng'ombe na mabati ya nyumba. Upande wa pili sipresi, halafu mianzi, halafu giza. Katikati michai imepogolewa hadi kiunoni, imeshonana kiasi kwamba ng'ombe hapiti ila kwa kijia cha wachunaji, na hata akipita majani hayali. Hakuna wa kujificha: anayetoka msituni na gogo begani anaonekana kuanzia mbali. Na shamba ni la shirika la serikali, kwa hiyo hakuna wa kuweka nguzo ya nyumba.

Ni ua mzuri, ingawa ulianza kwa kula ulichowekwa kulinda. Msitu wa asili ulifyekwa ili kuupanda, na mahali pengine palifyekwa pasipandwe chai kamwe. Miaka hiyohiyo ya themanini serikali ilipiga marufuku ule mfumo wa shamba, ambao tangu takriban 1910 uliwaruhusu wafanyakazi wa misitu kulima mahindi na viazi kati ya miche michanga. Vijiji vya msituni vikavunjwa. Watu waliozaliwa humo, ambao babu zao ndio waliopanda sipresi zinazovunwa leo, wakawa maskwota wasio na pa kurudia. Nao wakaingia katika foleni ya kusubiri kupimiwa.

Chai yenyewe nayo haikubaki upande mmoja wa mpaka. Mgawo wa ardhi ya Mau ulipochunguzwa, miongoni mwa yaliyoonekana humo ni shamba na kiwanda cha chai cha Kiptagich, ambacho magazeti yalikihusisha waziwazi na Rais Moi. Tume ya Ndung'u ya kuchunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma, iliyoteuliwa mwaka 2003 na ambayo ripoti yake ilitolewa hadharani Desemba 2004, ilionyesha jinsi ardhi iliyotajwa kuwa ya wasio na makao ilivyoishia kwa maofisa na wanasiasa. Yule mdogo wako alipata ekari zake chache, ndiyo. Zilikuwa bahasha tu. Barua iliyokuwa ndani iliandikiwa mtu mwingine.

Sheria mpya ya Misitu ya 2005 ilimnyang'anya waziri kalamu ile. Kuanzia hapo kuondoa msitu katika orodha kulihitaji tathmini ya mazingira, maoni ya wananchi na idhini ya Bunge. Lakini zilizokwisha kwenda zilikuwa zimekwenda. Julai 2008 Waziri Mkuu Raila Odinga aliunda jopokazi la Mau. Ripoti ya Machi 2009 ilisema kiasi cha hekta 107,000, robo ya msitu mzima, kilikuwa kimeharibiwa katika muda wa takriban miaka ishirini. Athari hazikuhitaji mtaalamu. Mto Sondu, ambao maji yake yanaendesha mitambo ya umeme ya megawati 60 ya Sondu-Miriu, unazaliwa Mau ya Kusini Magharibi. Mto Nyando unapata maji yake Londiani na Tinderet, na udongo unaomomonyoka huku ndio unaojaza mto ule unapofika tambarare za Kano, ambako kila msimu wa mvua watu wa Ahero hulala macho.

Novemba 2009 uhamishaji ulianza Mau ya Kusini Magharibi. Familia zilitoka na magodoro, kuku na mabati yaliyong'olewa, zikapiga kambi nje ya katilaini, ndivyo mpaka wa msitu unavyoitwa huku, katika sehemu kama Kapkembu na Tirigoi. Mvua ya Mau haichagui, iliwanyeshea hemani. Wabunge wa Bonde la Ufa walipiga kelele kwa ajili yao, na wachambuzi wengi husema Odinga alizipotezea hapo kura za Wakalenjin alizozipata mwaka 2007. Mimi naona kelele zile zilichelewa miaka minane. Wakati wa kumtetea mtu yule ulikuwa Februari 2001, kwa kumwambia kwamba karatasi anayopewa haitamlinda.

Waogiek wao hawakuacha kudai. Mei 26, 2017 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao kwa kuwafukuza Mau, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na haki yao ya ardhi itambuliwe. Hukumu hizo zinaivuruga hesabu ya wale wanaodhani kulinda msitu maana yake ni kuondoa kila paa. Kuna mapaa yaliyokuwemo kabla ya katilaini, nayo hayakuumaliza msitu.

Katika Kipkelion Mashariki, mjini Londiani, kuna chuo ambacho tangu 1957 kimefundisha maofisa wa misitu wa nchi hii. Wahitimu wake wengi wametumwa kulinda mpaka ambao wakubwa wao walikuwa wakiusogeza. Sasa wana wenzao: chini ya sheria za 2005 na 2016, wanavijiji wanaopakana na msitu huunda vyama vya jamii, hutia saini mikataba na Shirika la Huduma za Misitu, hupewa vishamba vya kulima kati ya miche kwa muda, hulisha mifugo kwa ada, na wakati mwingine huripoti mwenye msumeno kabla askari hajafika. Kulima wanaruhusiwa, kujenga hapana. Kwa hiyo mtu wa kijijini ana kitu cha kupoteza mpaka ukisogezwa, na hilo mwaka 2001 halikuwepo.

Mwishoni mwa mwaka 2021 ulifikishwa Bungeni mswada wa kufuta vifungu vinavyoweka masharti kwa anayetaka kubadilisha mipaka ya misitu. Ungerahisisha mambo kama zamani. Safari hii malalamiko hayakutoka Nairobi pekee, na mapema mwaka 2022 kamati ya Bunge iliukataa. Walioupinga hawakuhitaji kubuni hoja. Orodha ya 2001 ilikuwa mbele yao, hekta kwa hekta.