Mkono na Kitabu: Chanzo cha Uhandisi wa Umeme Vyuoni

Fani nyingi zinazofundishwa katika vyuo vikuu zilizaliwa chuoni. Sheria, tiba, falsafa na elimu ya nyota zilikuwa na walimu na vitabu vyake karne nyingi kabla ya kutengenezwa mtambo wowote wa umeme. Uhandisi wa umeme, pamoja na mwanawe, uhandisi wa elektroniki, asili yake ni nyingine. Ulizaliwa karakanani, na ulipobisha hodi mlangoni pa chuo wenye nyumba waliuliza kama mgeni huyu ni mwanachuoni au ni kibarua. Jibu la swali hilo halikuwa jambo la heshima tu. Lilisaidia kuamua ni mataifa gani yatakayotengeneza vyombo vya umeme, na ni yapi yatakayobaki kuvinunua.

Hasara ya fani kukosa mwalimu ilionekana kwanza baharini. Mwezi wa Agosti 1858 waya wa telegrafu uliolazwa chini ya Bahari ya Atlantiki uliunganisha Ireland na Newfoundland. Watu walishangilia, lakini waya ulikuwa na kasoro tangu awali: salamu za Malkia Victoria kwa Rais wa Marekani, ambazo hazikufika maneno 100, zilichukua saa 16 kupita. Msimamizi wa umeme wa kampuni, Wildman Whitehouse, alikuwa tabibu wa upasuaji aliyejifunza umeme kwa majaribio yake mwenyewe. Yeye aliamini kwamba ujumbe ukisuasua hauna budi kusukumwa kwa nguvu zaidi, akautia waya umeme wa volti zipatazo 2,000. William Thomson, profesa wa Glasgow ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, alikuwa amekwisha kuonyesha kwa hesabu kwamba waya mrefu wa baharini hujaa umeme polepole na kuutoa polepole, na kwamba dawa yake ni umeme mdogo na chombo chepesi cha kuupokea. Baada ya majuma machache waya ukanyamaza kabisa. Halmashauri iliyochunguza mkasa huo na mingine ya nyaya za baharini ilitoa taarifa yake 1861, na funzo lake lilikuwa wazi: mali nyingi ilikuwa imezamishwa baharini kwa sababu watu walitenda kabla ya kupima. Hata vipimo vya pamoja havikuwapo bado. Waya uliodumu ulipatikana 1866, kwa hesabu na vyombo vya Thomson.

Thomson hakuwa na idara ya uhandisi wa umeme. Alikuwa profesa wa falsafa ya maumbile, ndiyo fizikia ya leo, tangu 1846. Lakini aliwaingiza wanafunzi wake katika maabara iliyoanzia chumba cha chini kilichokuwa ghala ya mvinyo, wakapima nyaya na vyombo kwa mikono yao wenyewe. Miongoni mwa waliopita hapo alikuwa William Ayrton, aliyezaliwa 1847, ambaye baada ya masomo hayo alikwenda India kutumikia idara ya telegrafu. Hivyo mbegu ilikuwa imekwisha kupandwa: mkono na kitabu vilikaa chumba kimoja. Ila hatua iliyofuata, ya kulifanya somo hilo kuwa idara yenye walimu, mitihani na cheti chake, haikuchukuliwa Glasgow wala London. Ilichukuliwa Tokyo.

Sababu yake ni hofu, na hofu hiyo ilikuwa na haki. Manowari za Marekani zilikuwa zimeilazimisha Japani kufungua milango yake mwaka 1853 na 1854. Mwaka 1863 vijana watano wa jimbo la Choshu walitoroka kwenda Uingereza, ilhali sheria ya nchi iliwahukumu kifo waliosafiri bila idhini. Mmoja wao, Ito Hirobumi, alikuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa Japani. Mwingine, Yamao Yozo, alifika Glasgow 1866. Mchana alifanya kazi katika kiwanda cha meli, na usiku alihudhuria masomo katika Chuo cha Anderson. Katika masomo ya usiku ya chuo hicho hicho alikuwamo pia kijana Mskoti mwanagenzi, jina lake Henry Dyer. Yamao aliporudi kwao, alikuwa ameona kwamba nguvu ya Uingereza haikukaa katika meli zenyewe bali katika watu wanaojua kuziunda. Nguo ya kuazima haisitiri maungo. Na mwaka 1871, waya wa kampuni ya Denmark ulipofika Nagasaki, Wajapani waliona kwamba hata habari zao na za ulimwengu zingepita mikononi mwa wageni.

Serikali mpya ya Japani ilianzisha Wizara ya Ujenzi wa Taifa 1870, na chini yake chuo cha uhandisi ambacho masomo yake yalianza 1873. Mkuu wa chuo hicho alikuwa Henry Dyer, ambaye alipowasili alikuwa na umri wa miaka 24 tu. Dyer alijua kasoro za pande mbili za Ulaya. Waingereza waliwalea wahandisi kwa uanagenzi, wakajua kufanya bila kujua kwa nini. Mataifa ya bara yaliwalea kwa nadharia, wakajua kwa nini bila kushika nyundo. Yeye aliunganisha njia hizo mbili katika mpango wa miaka sita. Miaka miwili ya kwanza ilikuwa ya hesabu, lugha na sayansi. Miwili ya kati iligawanywa baina ya darasa na kazi. Na miwili ya mwisho ilikuwa ya kazi chini ya uangalizi. Pamoja na uhandisi wa majengo, mitambo na madini, chuo kilikuwa na idara ya telegrafu, na mwalimu wake alikuwa Ayrton. Idara hiyo ni miongoni mwa za kwanza kabisa duniani za kufundisha uhandisi wa umeme katika ngazi ya chuo kikuu.

Ayrton, na John Perry aliyemfuata 1875, walijenga maabara ambayo vyuo vingi vya Ulaya havikuwa na mfano wake. Tarehe 25 Machi 1878, katika karamu ya kufunguliwa kwa ofisi kuu ya telegrafu, Ayrton na wanafunzi wake waliwasha taa ya tao kwa umeme wa beteri katika ukumbi wa chuo. Taa iliwaka kwa muda mfupi, lakini siku hiyo hukumbukwa na Wajapani hata leo kuwa siku ya umeme. Inasimuliwa kwamba James Clerk Maxwell, bingwa wa nadharia ya umeme, alitania kwamba kitovu cha elimu ya umeme kimehamia Japani. Walimu hao wawili waliporudi London walifundisha huko Finsbury kwa njia ile ile ya maabara. Basi mtu anayedhani kwamba elimu hii ilitiririka upande mmoja tu, kutoka Ulaya kwenda kwingineko, hana budi kufikiri upya. Darmstadt, Ujerumani, ilipata kiti chake cha uprofesa wa uhandisi wa umeme 1882, kikakaliwa na Erasmus Kittler. Chuo cha ufundi cha Massachusetts kilianzisha somo hilo mwaka huo huo. Na London ilimpata John Ambrose Fleming kuwa profesa wa ufundi wa umeme 1885. Tokyo ilikuwa imewatangulia kwa karibu miaka kumi.

Wahitimu wa kwanza wa Tokyo walitoka 1879, na katika idara ya telegrafu alitoka Shida Rinzaburo. Mwaka huo huo waya wa baharini kutoka Aden ulifika Unguja, ukaendelea kusini mpaka Msumbiji na Durban. Waswahili waliuita simu, kwa neno la Kiajemi lenye maana ya waya, na wafanyabiashara wakaanza kupata bei za masoko ya mbali kwa saa badala ya miezi. Waya wa Unguja na waya wa Nagasaki ulikuwa wa namna moja, na kila mmoja ulilazwa na wageni kwa faida yao. Tofauti yake ni kwamba mmoja ulikuta chuo kinatayarishwa, na mwingine haukukuta.

Shida alipelekwa Glasgow 1880 kusoma kwa Thomson, akarudi 1883 na kuwa profesa katika chuo alichosoma. Hapo ndipo mpango wa Wajapani ulipokamilika. Masomo yalianza kwa Kiingereza, na mishahara ya walimu wa kigeni ilikuwa mzigo mkubwa kwa hazina. Lakini tangu mwanzo kila mgeni aliajiriwa ili amlee mrithi wake. Maneno ya fani yalitafutwa katika lugha. Umeme uliitwa denki, neno lililotoka China na kuandikwa kwa alama ya radi pamoja na alama ya pumzi. Na msomaji wa Kiswahili hatastaajabu, maana lugha yake nayo ilikitazama kimulimuli cha mawinguni ikakipa chombo kipya jina lile lile. Mwaka 1888 Shida alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha wahandisi wa umeme, na katika hotuba yake huko alitabiri kwamba siku itakuja watu watakapozungumza kwa mbali bila waya. Alifariki 1892, hata miaka 40 hajatimiza.

Jambo moja la mwaka 1886 linastahili kutajwa peke yake. Chuo cha uhandisi kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Tokyo, na uhandisi ukawa kitivo kamili kando ya sheria, tiba na fasihi. Wakati huo katika Ujerumani yenyewe vyuo vya ufundi vilikuwa bado vimetengwa. Ruhusa ya kutoa shahada ya udaktari vilipewa 1899, baada ya ubishi mrefu wa wanachuoni wa zamani. Tokyo ilikuwa imekwisha kujibu lile swali la mlangoni: mgeni ni mwanachuoni, na mikono yake michafu haimwondolei heshima.

Mavuno ya jibu hilo yalionekana elektroniki ilipozaliwa. Fleming, yule profesa wa London, alivumbua valvu ya kwanza 1904, chombo cha kioo ambamo elektroni husafiri upande mmoja tu katika utupu. Miongoni mwa vijana waliokwenda Ulaya kusoma kwake na kwa wengine alikuwa Yagi Hidetsugu, aliyehitimu uhandisi wa umeme Tokyo 1909. Aliporudi alifundisha chuo kikuu cha Tohoku huko Sendai, na 1926 yeye na msaidizi wake Uda Shintaro walitangaza antena ya fito zilizopangwa sambamba, zinazoyakusanya mawimbi kutoka upande mmoja. Ndiyo antena iliyokuja kusimama juu ya mapaa ya nyumba duniani kote, na ya mwambao wa Afrika Mashariki pia, ilipofika televisheni.

Lakini hadithi hii ina upande wa uchungu. Mwaka 1942 majeshi ya Japani yalipoiteka Singapore, yalikuta maandishi ya Waingereza kuhusu mitambo ya rada, na ndani yake neno moja lisilofahamika: Yagi. Inasimuliwa kwamba mateka aliyeulizwa maana yake alistaajabu, akajibu kwamba ni jina la profesa wa Kijapani. Elimu ilikuwa imezaliwa Sendai, ikaheshimiwa London, na wenye madaraka nyumbani hawakuwa na habari nayo. Kuwa na chuo, basi, hakutoshi. Chuo kisichosikilizwa na nchi yake ni kisima kilichofunikwa.

Afrika Mashariki ilichelewa. Chuo cha ufundi cha Nairobi kilifungua madarasa yake 1956, na kwa miaka mingi kilikuwa ndicho kilichofundisha wahandisi wa nchi zote tatu. Kitivo cha Uhandisi cha Dar es Salaam kilianza 1973, kwa msaada wa Ujerumani ya Magharibi, kikiwa na idara ya umeme tangu mwanzo, na mafunzo ya kazini yakawa sehemu ya shahada. Ilikuwa miaka mia kamili tangu Dyer kushuka Yokohama, na miaka 94 tangu waya kufika Unguja.

Karne hiyo haikupotea kwa uvivu wa watu. Ilipotea kwa sababu waliokuwa na mamlaka juu ya nchi hizi hawakuhitaji wenyeji waujue umeme. Leo mwanafunzi wa elektroniki wa Nairobi au Dar es Salaam anasoma hesabu zile zile za Thomson, na huona uchovu pale anapotolewa darasani akapime saketi iliyokataa kufanya kazi. Kazi hiyo ndiyo urithi wenyewe wa fani yake. Waya wa 1858 ulikufa kwa kukosa kitabu. Nchi zilizokosa chuo zilibaki wateja kwa kukosa vyote viwili. Na Japani, iliyopata vyote viwili mapema, ilifunzwa na Singapore kwamba kuna la tatu, nalo ni sikio.