Walioanza na Waliomaliza: Namuwongo na Historia ya Kupima Shule Uganda

Mwisho wa muhula mtoto wa shule ya msingi mjini Kampala hurudi nyumbani na karatasi moja ya ripoti. Juu yamepangwa masomo manne: Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Elimu ya Jamii. Kila somo lina alama za mwanzo wa muhula, za katikati na za mwisho, kisha daraja, kuanzia D1 ambalo ni bora kabisa hadi F9. Madaraja manne hujumlishwa kupata kile ambacho kila mzazi wa Uganda hukiita agrigeti: mwenye 4 amefika kileleni, mwenye 36 ameanguka kila somo. Chini yake upo mstari mmoja wa mwenendo, ambamo mwalimu wa darasa huandika maneno mawili matatu, na chini zaidi tarehe ya kufungua shule pamoja na mahitaji ya muhula ujao: rimu ya karatasi, mifagio, karatasi za chooni. Masomo yamejaziwa tarakimu tele. Tabia imeachiwa mstari. Ama ukuaji wa mtoto mwenyewe, kwamba alikuwepo, aliugua, alihama, alirudi, haukutengewa hata pa kuandikia.

Mgawanyo huo una historia yake. Ulizaliwa na uhaba wa nafasi za sekondari, kisha taratibu ukageuzwa kuwa kipimo cha ubora wa shule, kazi ambayo haukuundiwa. Mahali pa kuliona hilo vizuri ni Namuwongo, mtaa wa Divisheni ya Makindye ulio chini ya kilima cha Muyenga, jirani na Kibuli, wenye reli na Eneo la Viwanda upande mmoja na mfereji wa Nakivubo ukipita bondeni kupeleka maji machafu ya jiji Ziwa Victoria. Watu walifika hapo wakifuata vibarua vya viwandani. Vita vya kaskazini viliwaleta Waacholi na majirani zao, na wengine walitoka Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliuchagua mtaa huu kwa mradi wa kuboresha makazi ya watu wa kipato cha chini. Hata hivyo bondeni nyumba zimeendelea kubanana, na kodi ya chumba hulipwa kwa mwezi, na anayeshindwa huhama. Shule iliyo katika mtaa wa namna hii ikitoa taarifa ya maendeleo yake ya mwaka, swali la kwanza la kuiuliza ni hili: kati ya watoto mlioanza nao, mnao wangapi?

Kumtazama mwanafunzi mzima namna hiyo kusingekuwa kugeni kwa walimu wa mwanzo kabisa wa Buganda. Kusoma kuliingia katika ikulu ya Kabaka Mutesa I pamoja na Waarabu na Waswahili waliokuja kwa biashara na kufundisha Kurani, na wamisionari wa Kiprotestanti wa CMS walipofika mwaka 1877, wakifuatwa na Mapadre Weupe wa Kikatoliki mwaka 1879, walikuta watu wenye kiu ya herufi. Wengi walionja maandiko ya Kikristo kwa Kiswahili kabla hayajapatikana kwa Kiganda. Waprotestanti waliweka sharti kwamba anayeomba ubatizo awe anaweza kusoma Injili, na palepale aulizwe juu ya maisha yake. Mtu yuleyule, siku ileile, alipimwa ujuzi na mwenendo kwa pamoja. Kipimo kilikuwa kikali, nacho kilikuwa na upendeleo wake wa dini, lakini hakikumkata mwanafunzi vipande viwili. Shule za bweni zilizofuata, Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, King's College Budo mwaka 1906, zilijengwa juu ya imani hiyohiyo. Mwalimu aliishi na wanafunzi, akawajua kwa majina na kwa koo zao. Tofauti ni kwamba zilikuwa za wachache, hasa watoto wa machifu.

Uchache huo ndio uliozaa mtihani kama tunavyoujua. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes, iliyoongozwa na Thomas Jesse Jones na yenye James Aggrey wa Gold Coast kati ya wajumbe wake, ilipita Afrika Mashariki na kulalamika kwamba shule zimejitenga na maisha ya watu. Ikahimiza afya, kilimo, nyumba na michezo. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni Uganda ikaunda Idara ya Elimu, na London ikatoa waraka wa sera uliosisitiza malezi ya tabia. Waafrika wengi hawakuupokea wito huo kwa furaha, na walikuwa na sababu. Waliona wazi kwamba mtoto wa Mzungu anasoma ili afaulu, na mtoto wao anaambiwa ajifunze jembe na adabu. Cheti kilikuwa mlango wa ukarani, wa Makerere iliyoanzishwa mwaka 1922, wa mshahara. Hivyo mtihani ukapata nguvu kutoka pande mbili: serikali iliutumia kuchuja wengi wapungue, na wazazi waliushika kwa sababu angalau ulikuwa na kanuni iliyoandikwa. Yeyote anayedharau leo mapenzi ya mzazi wa Namuwongo kwa agrigeti anapaswa kwanza kuikumbuka historia hii. Mzazi huyo hajadanganyika.

Uhuru haukubadili mantiki ya kichujio, ulibadili wenye kukishika. Tume ya Castle ya mwaka 1963 ilitilia mkazo sekondari ili nchi ipate watumishi. Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki likaundwa mwaka 1967, Tanzania ikajitoa mwaka 1971, Kenya mwaka 1980, na Uganda ikabaki kuunda baraza lake, UNEB, mwaka 1983. Katika miaka hiyohiyo Tanzania ilijaribu njia nyingine. Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, aliushutumu mtihani kwa kupima kumbukumbu na kuacha utu na kazi, na baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 tathmini endelevu ikapewa uzito, pamoja na kazi na mwenendo wa mwanafunzi. Jaribio hilo lilikuwa la ujasiri. Lakini lilikuwa na kasoro moja ambayo Uganda inapaswa kuitazama kwa makini kabla ya kuiga: lilitaka tabia nayo iwe alama ya mtoto. Mwalimu akipewa mamlaka ya kumpa kijana maksi za uadilifu, ni rahisi kupima utii akidhani anapima wema.

Mwaka 1997 ndio mwaka uliovunja hesabu za zamani. Elimu ya Msingi kwa Wote, UPE, ilianza Januari, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia, na uandikishaji ukaruka kutoka watoto milioni 3.1 hivi mwaka 1996 hadi milioni 5.3. Serikali iliipa shule ruzuku ya shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa madarasa matatu ya chini na 8,100 kwa madarasa ya juu. Wengi husimulia habari hiyo na kuishia hapo, kwenye mlango wa kuingilia. Tuufuate mkondo wenyewe hadi mwisho. Watoto milioni 2.1 hivi waliandikishwa darasa la kwanza mwaka huo wa 1997. Mwaka 2003, darasa hilo lilipopaswa kuwa la saba, waliohesabiwa humo walikuwa takriban 485,000. Mtu makini atapinga kwamba darasa la kwanza la 1997 lilifurika wakubwa kwa wadogo, na kwamba baadhi walirudia madarasa wakachelewa tu. Ni kweli, na pengo halisi ni dogo kuliko tarakimu hizo zinavyoonyesha. Hata ukipunguza kwa ukarimu, bado ni umati mkubwa wa watoto ambao hakuna ripoti ya shule iliyowataja. Hawakuanguka mtihani. Hawakuufikia.

Tarakimu ya taifa inaficha namna watoto wanavyopotea, na Namuwongo inaifunua. Mwishoni mwa Julai 2014, nyumba na vibanda vilivyokuwa ndani ya hifadhi ya reli vilibomolewa, na familia nyingi zikatawanyika. Julai mwishoni ni muhula wa pili. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi, PLE, hufanywa Novemba. Mtoto aliyelala kando ya reli mwanzoni mwa mwaka na kulala kwa shangazi upande mwingine wa jiji kabla mwaka haujaisha hakuhesabiwa na shule ya kwanza, kwa kuwa hayupo, wala na ya pili, ikiwa haikumpokea katikati ya mwaka. Na hata asipobomolewa nyumba, Novemba yenyewe ni msimu wa mvua za pili, ambapo Nakivubo hufurika na nyumba za bondeni huingia maji. Mtahiniwa anatoka katika chumba kilichokuwa kikichotwa maji usiku kwenda kukaa dawati moja, kwa karatasi ileile, na mtoto wa Muyenga kilimani. Matokeo yakitoka Januari, shule ya kilimani yenye watoto wengi wa daraja la kwanza, yaani agrigeti 4 hadi 12, inaitwa bora, na ya bondeni inaitwa dhaifu. Ilichofanya kila moja kwa mtoto kati ya Februari na Novemba hakikupimwa. Si siri pia kwamba zipo shule zinazolinda sifa zao kwa kumkataa mtoto mzito au kumwandikisha afanyie mtihani kituo kingine. Kwa kipimo tulicho nacho, shule inayomfukuza dhaifu inapanda na inayompokea inashuka. Hapo maadili ya shule yanaonekana waziwazi, na ripoti ya mwaka inayasoma kinyume.

Pingamizi zito zaidi ni lile la haki. Mtihani haujui jina la baba, watu husema. Ukiuondoa, nafasi za sekondari zitagawiwa kwa kujuana, na wa kwanza kuumia atakuwa mtoto wa kibarua. Nakubaliana na hoja hiyo bila kusita, na ndiyo maana sipendekezi PLE ifutwe wala alama ya tabia iongezwe juu yake. Mtihani wa kuchagua mtu mmojammoja ubaki na kazi hiyo. Kosa ni kuuhamishia kazi ya kuipima shule. UNEB yenyewe inaijua tofauti hiyo, kwa kuwa tangu mwaka 1996 imekuwa ikiendesha NAPE, tathmini ya taifa inayochukua sampuli ya wanafunzi wa darasa la tatu na la sita ili kuona nchi inajua kusoma na kuhesabu kiasi gani, bila kumfaulisha wala kumfelisha mtu. Chombo cha kupima mfumo kipo kwa zaidi ya robo karne. Gazeti linalochapisha matokeo Januari halina habari nacho.

Kuhusu maadili, njia salama ni kuyasoma katika matendo ya shule. Wizara ya Elimu ilikataza viboko kwa waraka wa mwaka 2006, na sheria ya watoto iliyorekebishwa mwaka 2016 ikaliweka katazo hilo katika sheria: je, mwaka huu fimbo ilitumika? Mwongozo wa Desemba 2020 unataka msichana aliyepata mimba arudi shuleni baada ya kujifungua: wangapi walirudi, na walikaa? Wangapi walirudishwa nyumbani kwa ajili ya ada, na kwa siku ngapi? Maswali haya yana majibu ya kuhesabika, na hayamgeuzi mwalimu kuwa hakimu wa moyo wa mtoto. Yanamhukumu mwenye mamlaka.

Kisha ukaja mwaka usio na namba. Shule zilifungwa tarehe 20 Machi 2020, na ingawa madarasa ya mtihani yaliitwa mapema, shule zote hazikufunguliwa hadi tarehe 10 Januari 2022, kufungwa kurefu kuliko kote duniani. Watahiniwa wa 2020 walifanya PLE Machi 2021. Wa 2021 hawakuwa na mtihani kabisa. Lango lilipofunguliwa, wengi walipandishwa darasa moja kwa moja, na Mamlaka ya Mipango ya Taifa ilikuwa imeonya kwamba asilimia 30 ya wanafunzi huenda wasirudi. Kwa miezi kadhaa, kila mwalimu mkuu wa Uganda alijua kwamba swali la kweli ni nani amerudi. Walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza. Baada ya matokeo ya mtihani uliofuata, swali hilo likanyamaza tena. Sekondari imepiga hatua: mtaala mpya ulioanza mwaka 2020 unaipa tathmini ya darasani asilimia 20 na mtihani wa mwisho asilimia 80, na kundi la kwanza lilifanya mtihani wake mwaka 2024. Shule ya msingi, ambako watoto wengi zaidi hupotea, imebaki na agrigeti.

Atakayesema kwamba kuhesabu waliobaki ni rahisi kuchezewa ana ushahidi mkononi. Chini ya UPE watoto walipandishwa madarasa hata wasiojua kusoma, na madaftari ya mahudhurio yalijaa majina ya kufuatia ruzuku. Kwa hiyo idadi ya waliobaki haifai kusimama peke yake. Iandikwe sambamba na kipimo cha kusoma cha aina ya NAPE, shule kwa shule, ili aonekane anayewaweka watoto bila kuwafundisha, na aonekane vilevile anayewafundisha wachache baada ya kuwafukuza wengi. Kazi hiyo haihitaji idara mpya. Kila shule ina daftari la uandikishaji lenye namba ya kila aliyeingia, na miaka ya karibuni wizara imeanza kumpa kila mwanafunzi namba ya utambulisho ambayo humfuata anapohama. Kwa namba hiyo, mtoto aliyetoka Namuwongo Julai na kuonekana Kireka Septemba ataandikwa kuwa amehama, asiyeonekana popote ataandikwa kuwa ametoweka, na afisa elimu wa Makindye atakuwa na jina la kumtafuta.