Sauti ya Mwalimu tunayo. Za majirani zake ziko wapi?

Kila ikikaribia Oktoba 14, redio zetu hujaa sauti ya Mwalimu. Na si Oktoba tu. Kipindi cha Wosia wa Baba cha TBC Taifa kimezirudisha hotuba zake hewani mara nyingi kiasi kwamba kijana wa Musoma aliyezaliwa baada ya 1999 anaweza kukuigizia lafudhi ile, pumziko lile kabla ya utani, hata kicheko. Hajawahi kumwona, lakini anamjua kwa sikio.

Imewezekana kwa sababu ya kawaida sana. Rais alipozungumza, mashine ilikuwa inazunguka, na mtu akaandika kwenye boksi la mkanda: nani, lini, wapi.

Sasa hebu waza wale waliotumbuiza kabla ya hotuba. Mkutano wa hadhara bila ngoma haukuwa mkutano. Mzee wa Kikurya na iritungu lake la nyuzi nane, kina mama wa Kijita, vijana wa Kizanaki kutoka vijiji vya jirani kabisa na Butiama. Nao mara nyingine walirekodiwa. Majina yao nani anayo?

Swali hili linamhusu Mwalimu mwenyewe. Tarehe 10 Desemba 1962, siku moja baada ya Tanganyika kuwa Jamhuri, alilihutubia Bunge na kutangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Alisikitika kwamba wasomi wa kizazi chake walifundishwa kucheza rumba na cha-cha-cha, hata twist, huku gombe sugu na lele mama wengi hawajawahi kuziona. Akataka wizara itafute mila bora za makabila yote na kuzifanya sehemu ya utamaduni wa taifa.

Chombo kilichobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo kilikuwa redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, ikawa Shirika la Utangazaji la Tanganyika 1956, na mwaka 1965 serikali ikaichukua, ikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Televisheni Bara haikuja mpaka 1994. Kwa hiyo kile ambacho Wamarekani walikitazama sebuleni, yaani muziki, vichekesho na vipaji vya watu wasiojulikana, sisi tulikisikiliza. Tulikuwa na Klabu Raha Leo kwa bendi, Pwagu na Pwaguzi kwa kucheka, Mama na Mwana kwa watoto, na vipindi vya ngoma za asili ambavyo watu wa redio walivifuata mpaka mikoani. Bendi ya mkoani ikitaka kusikika nchi nzima, njia ilipita kwenye studio za Barabara ya Pugu, ambayo leo, kumbe, ndiyo Barabara ya Nyerere. Musoma nayo ilikuwa na bendi yake, Mara Jazz.

Msomaji anaweza kudhani wenzetu wenye fedha walitunza kila kitu. Wapi! Vipindi vya mwanzo vya televisheni ya Marekani vilikwenda hewani moja kwa moja, na mashine ya kurekodi picha kwenye mkanda haikuingia kazini mpaka 1956. Kabla ya hapo walipiga filamu kioo cha televisheni chenyewe. Kampuni ya DuMont ilipokufa, hazina yake ya filamu ikabaki bila mwenyewe. Mwaka 1996 mwigizaji Edie Adams aliueleza mkutano wa Maktaba ya Bunge la Marekani kwamba nyingi zilipakiwa kwenye malori na kutupwa majini New York. Uingereza, BBC ilifuta mikanda ili itumike tena. Vipindi karibu 100 vya Doctor Who havina picha mpaka leo, lakini sauti za vyote zipo, kwa sababu watazamaji walikuwa wakizirekodi nyumbani kwa vinasa sauti vyao.

Burudani ilionekana kitu cha leo kula, kesho kusahau. Lakini Gladys Knight alishinda shindano la vipaji la Ted Mack mwaka 1952 akiwa mtoto wa miaka saba. Siku ile alikuwa binti mmoja tu kati ya wengi waliopanga foleni. Mwenye kufuta mkanda hawezi kujua anamfuta nani.

Kwetu mikanda mingi haikutupwa, lakini mkanda hauhitaji kutupwa ili upotee. Gundi inayoshikilia unga wa sumaku katika mikanda mingi ya miaka ya 1970 na 1980 hunyonya unyevu, ikaanza kunata. Mafundi wa nyaraka huuoka mkanda wa namna hiyo kwa joto dogo, kama nyuzi 50 hivi, kwa saa kadhaa, kisha huunakili haraka kabla haujanata tena. Na hakuna njia ya mkato: saa moja ya sauti hunakiliwa kwa saa moja. Saa 1,000, kwa mashine moja na saa nane za kazi kwa siku, ni siku 125. Mwaka 2012 vijana wa Tanzania Heritage Project walianza kuchangisha fedha mtandaoni ili kuinusuru maktaba ya RTD. Mwaka 2019 UNESCO na chama cha kimataifa cha watunza sauti, IASA, walianza kampeni ya kuonya dunia nzima kwamba kufikia 2025 hivi mashine, vipuri na mafundi vitakuwa adimu. Tarehe hiyo si ya mbali tena.

Ila tuseme mashine ipo na mkanda umenakiliwa. Tumepata nini? Tulizoea kusikia mtangazaji akisema: ngoma ya Wajita, ngoma ya Wakurya. Kabila ndilo lilikuwa jina la msanii. Tena redio ya taifa iliongea nasi Kiswahili, na Kiingereza kidogo. Kizanaki, Kijita, Kiikizu na Kingoreme vilipenya kupitia wimbo tu. Sera ile ilitujenga, sibishani nayo. Mimi mwenyewe naandika na kula kwa Kiswahili. Lakini matokeo yake ni kwamba sauti nyingi za watu wa Mara zilizomo kwenye mikanda ni nyimbo ambazo anayezinakili Dar es Salaam haelewi zinasema nini. Anaweza kuokoa sauti na kupoteza maneno.

Dawa yake imeshajaribiwa jirani. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, Kenya, ukiwemo ule maarufu wa Chemirocha, jina lililotokana na mwanamuziki wa Marekani, Jimmie Rodgers, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika vijijini. Sauti zile zilikaa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya ILAM. Miaka 65 baadaye ILAM na watu wa Singing Wells wakazirudisha kijijini, na wakakuta baadhi ya waliorekodiwa bado wako hai. Wazee walisikiliza, wakatambua sauti, wakaeleza.

Hicho ndicho Mara inachohitaji, na hakihitaji jengo. Butiama kuna makumbusho ya Mwalimu tangu 1999. Bunda kuna Mazingira FM, Musoma kuna Victoria FM. Nakala za mikanda iliyokwisha kusafishwa ziletwe huku, zichezwe hewani, na mtangazaji aulize: nani anamjua huyu anayeimba? Wimbo huu unasemaje? Majibu yaandikwe pembeni ya faili: jina, kijiji, mwaka, tafsiri.

Na walio na kaseti wasizione takataka. Zile TDK zilizorekodiwa redioni kwa betri za National, au harusini Bunda, huenda ndizo nakala pekee. Kabla hujacheza, kagua kama kuna ukungu. Usijaribu kwa redio mbovu itakayoitafuna.

Kaseti inaweza kusubiri mwaka mmoja zaidi kabatini. Mzee wa miaka 85 anayejua ule wimbo wa Kizanaki ulimsema nani, huyo ndiye wa kumfuata kwanza.