Spektra za nyota zilizoraruliwa na mashimo meusi

Uchunguzi wa spektra za nyota zilizoraruliwa ni tawi la astronomia linalochambua nuru ya mabaki ya nyota iliyopita karibu mno na shimo jeusi kubwa lililoko katikati ya galaksi. Upande wa nyota ulio karibu na shimo huvutwa kwa nguvu kuliko upande wa pili. Ni sababu ileile inayofanya bahari kujaa na kupwa, ila hapa tofauti hiyo ya mvuto huishinda graviti inayoishikilia nyota yenyewe. Takriban nusu ya gesi hutupwa mbali. Nusu nyingine hurudi, hulizunguka shimo na kung'aa kwa miezi kadhaa.

Shimo lenye masi inayozidi mara milioni 100 ile ya Jua kwa kawaida humeza nyota kama Jua ikiwa nzima, bila mwako wowote. Kwa hiyo matukio haya hufichua hasa mashimo madogo kuliko hayo, yaliyokuwa yametulia gizani. Katika galaksi moja hutokea mara moja tu katika miaka 10,000 hadi 100,000 hivi. Ndiyo maana wataalamu hutazama maelfu ya galaksi kwa pamoja.

Kusoma nuru

Mwanafunzi aliyewahi kutia chumvi ya mezani katika mwali wa moto akaona rangi ya njano ameshaijua kanuni: kila elementi ina mistari yake ya rangi. Swali la kwanza ni kama mwako ulioonekana si supanova. Supanova hupoa na kuwa nyekundu katika wiki chache, lakini gesi ya nyota iliyoraruliwa hubaki ya buluu, ikiwa na halijoto ya kelvini 10,000 na zaidi, kwa miezi. Mistari yake pia ni mipana sana, kwa kuwa gesi huenda kwa kasi inayoweza kufika kilomita 10,000 kwa sekunde, ingawa sehemu ya upana huo hutokana na nuru kugongana na elektroni.

Mfano uliozua mjadala ni PS1-10jh, ulioonekana mwaka 2010 kwa darubini ya Pan-STARRS huko Hawaii. Spektra yake ilionyesha heli bila hidrojeni, elementi iliyo nyingi kuliko zote katika nyota za kawaida. Mwaka 2012 Suvi Gezari na wenzake walipendekeza kwamba nyota hiyo ilikuwa imeshavuliwa tabaka lake la nje. Wengine walijibu kwamba hidrojeni ilikuwepo, ila hali ya gesi iliificha mistari yake. Jibu hili lina uzito zaidi, maana nyota zilizovuliwa hivyo ni adimu. Siku hizi matukio hupangwa katika makundi matatu: ya hidrojeni, ya heli, na yenye zote mbili, katika kundi hili la mwisho mara nyingi huonekana pia nitrojeni na oksijeni.

Eksirei

Gesi iliyo karibu zaidi na shimo hutoa eksirei, ambazo angahewa ya Dunia huzizuia. Setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, Kenya, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, iliitwa Uhuru. Ilisaidia kutambua Cygnus X-1, shimo jeusi dogo linalonyonya gesi ya nyota jirani. Miaka ya 1990 setilaiti ya Kijerumani ROSAT iliona miwako ya eksirei katika galaksi tulivu kama NGC 5905, na hiyo ikawa miongoni mwa dalili za kwanza za nyota kuraruliwa.

Tukio la AT2019qiz, umbali wa miakanuru milioni 215 katika kundinyota la Nahari, lilichunguzwa mapema kuliko mengi. Spektra zilizopigwa Chile zilionyesha gesi ikisukumwa nje na kulifunika shimo kama pazia. Mwaka 2024 wataalamu walitangaza kwamba eksirei kutoka huko hulipuka kila baada ya saa 48 hivi, yamkini kwa sababu kitu kingine, nyota au shimo jeusi dogo, hupenya mara kwa mara katika sahani ya mabaki hayo.