Kutoka viwanja vya Nyamirambo hadi chuo kikuu cha Marekani: mzazi wa mchezaji wa kikapu aanzie wapi?

Tangu Agosti 2019, ulipofunguliwa ukumbi ambao leo unaitwa BK Arena, Kigali imekuwa mojawapo ya miji mikuu ya mpira wa kikapu barani Afrika. Ligi ya Afrika, BAL, ilichezwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi huo tarehe 16 Mei 2021. Mwaka huohuo yalifanyika hapo mashindano ya AfroBasket ya wanaume, na mwaka 2023 yakafuata ya wanawake, ambapo wasichana wa Rwanda walifika nusu fainali mbele ya watu wao. Kijana anayefanya mazoezi Club Rafiki, Nyamirambo, au kwenye kiwanja cha Lycée de Kigali, hahitaji tena kuhadithiwa mchezaji wa kulipwa ni mtu wa namna gani. Amemwona kwa macho yake.

Kwa hiyo wazazi wengi, wakiwemo wa familia zinazozungumza Kiswahili huko Biryogo na Nyamirambo, wanauliza swali moja: je, mpira unaweza kumlipia mtoto wangu masomo ya chuo kikuu?

Unaweza, na mifano ipo karibu. Bella Murekatete, binti wa Rwanda, alipitia shule ya sekondari ya Genesis Prep katika jimbo la Idaho, kisha akajiunga na Chuo Kikuu cha Washington State mwaka 2019. Machi 2023 alikuwa katika kikosi kilichokipatia chuo hicho ubingwa wake wa kwanza wa mashindano ya kanda ya Pac-12, na miezi michache baadaye alirudi kuichezea Rwanda hapa Kigali. Kabla yake, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alipitia sekondari huko Houston na Chuo Kikuu cha Connecticut, akachaguliwa wa pili katika uteuzi wa NBA wa mwaka 2009. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Kawempe, Kampala, alilelewa kimchezo katika akademia ya NBA nchini Senegal, akaichezea City Oilers ya Uganda katika BAL ya 2024, akaenda Duke, na Juni 2025 akachaguliwa wa kumi.

Yanayosimuliwa kuhusu wachezaji hawa ni urefu wao na mikono yao. Yanayosahauliwa ni kwamba hakuna aliyeruhusiwa kuvaa jezi ya chuo kabla ripoti zake za shule hazijakaguliwa. Kocha huvutwa na kipaji, lakini ruhusa ya kucheza hutolewa na ofisi inayosoma karatasi, na ofisi hiyo huanza kuhesabu mapema kuliko familia nyingi zinavyodhani.

Saa huanza kwenda S3

Michezo ya vyuo vingi vikubwa vya Marekani husimamiwa na chombo kiitwacho NCAA. Kina madaraja matatu. Daraja la Kwanza, lenye vyuo zaidi ya 350, na Daraja la Pili hutoa ufadhili wa michezo. La Tatu halitoi, ingawa vyuo vyake husaidia wanafunzi kwa sababu ya alama au uhitaji. Vyuo vya kundi la Ivy League, kama Harvard na Yale, vimo Daraja la Kwanza lakini navyo havitoi ufadhili wa michezo. Nje ya NCAA kuna chama cha vyuo vidogo, NAIA, na vyuo vya miaka miwili vilivyo chini ya NJCAA, ambavyo vimekuwa mlango wa kuingilia kwa Waafrika wengi.

Ili kucheza Daraja la Kwanza, mwanafunzi anatakiwa awe amekamilisha vipimo 16 vya masomo, kila kimoja kikiwa sawa na mwaka mmoja wa somo: Kiingereza vinne, hisabati vitatu, sayansi viwili, sayansi ya jamii viwili, kimoja cha ziada katika Kiingereza, hisabati au sayansi, na vinne vya masomo mengine ya kitaaluma. Wastani wa alama katika masomo hayo usipungue 2.3 kwa kipimo cha 4.0. Daraja la Pili hudai 2.2.

Hesabu hiyo huanzia mwaka wa tisa wa shule. Kwa mfumo wa Rwanda wa miaka sita ya msingi, mwaka wa tisa ni S3. Mtoto aliyeizembea S3 kwa sababu ya safari za timu, akidhani kitakachotazamwa ni mtihani wa taifa wa S6 peke yake, tayari amepoteza robo ya alama zake.

Hatari ya pili imejificha katika uchaguzi wa masomo ya A-Level. Kijana anayechagua mkondo usio na hisabati anafanya jambo halali kabisa kwa mujibu wa shule yake, lakini huenda akafika mwisho wa S6 akiwa na pengo ambalo hakuna kocha anayeweza kulizima. Hivyo, kabla ya kuingia S4, mzazi na mwalimu wa taaluma wakae na orodha ile ya vipimo 16 mkononi. Mazungumzo ya saa moja wakati huo ni rahisi kuliko barua kumi baadaye.

Hatari ya tatu ni ya miaka. Kwa kanuni zilizotumika miaka ya karibuni, mchezaji wa kikapu hupewa mwaka mmoja tu baada ya tarehe aliyotarajiwa kumaliza sekondari. Akiendelea kucheza mashindano rasmi baada ya hapo bila kujiunga na chuo, huanza kupoteza misimu yake. Kurudia darasa hakusogezi tarehe hiyo. Hapa ndipo vijana wetu wengi hunaswa: amemaliza S6, klabu ya ligi inamtaka, anacheza miaka miwili akisubiri bahati, na bahati inapokuja anakuta nusu ya safari yake imeliwa. Kuhusu posho ya klabu, kila malipo yaandikwe na risiti zitunzwe, kwa sababu ataulizwa.

Kanuni hizi hurekebishwa mara kwa mara. Tovuti ya NCAA ina mwongozo kwa wanafunzi wa nje, na akaunti ya mwanzo ya kujiandikisha haina malipo. Akaunti ya uhakiki kamili, ambayo kwa wanafunzi wa nje hugharimu zaidi ya dola 150, inaweza kungoja mpaka chuo kionyeshe nia ya kweli.

Mkoba wa karatasi

Kila familia iwe na mkoba mmoja usiohamahama. Ndani yake ziwemo ripoti za shule, yaani buletini, za kila mwaka kuanzia S3 zikiwa na mhuri, matokeo na cheti cha mtihani wa taifa kinachotolewa na NESA, cheti cha kuzaliwa, na pasipoti. Karatasi iliyoandikwa kwa Kifaransa au Kinyarwanda iambatanishwe na tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa, pamoja na ile ya asili. Aliyehama shule adai ripoti zake siku ileile anayohama. Kumfuata mkuu wa shule aliyekwisha kustaafu ni kazi ya miezi.

Majina yafanane kila mahali. Herufi moja inayotofautisha cheti cha kuzaliwa na ripoti ya S4 inaweza kuzua maswali, na tarehe mbili tofauti za kuzaliwa zitayazua bila shaka. Wapo watu wa viwanjani wanaoshauri mtoto apunguziwe umri. Mwaka 2016, katika mji wa Windsor nchini Kanada, mchezaji kutoka Sudan Kusini aliyeandikishwa sekondari kama kijana wa miaka 17 aligundulika kuwa na takriban miaka 30 baada ya alama zake za vidole kulinganishwa na maombi ya viza aliyowahi kuyafanya kabla. Alama za vidole hazipunguziwi umri.

Tangu Januari 2023 NCAA haidai tena mtihani wa SAT, lakini chuo chenyewe kinaweza kuudai. Mtihani wa Kiingereza, kama TOEFL, huombwa na vyuo vingi hata kwa aliyesoma kwa Kiingereza.

Ufadhili wa kiasi gani?

Neno "ufadhili" hubeba maana nyingi, na familia nyingi hushangilia kabla ya kuuliza maana ipi. Ufadhili kamili hugharamia ada, malazi, chakula na vitabu. Ufadhili wa sehemu huacha deni, na deni hilo linatakiwa lielezwe kabla ya safari, kwa kuwa chuo hakitoi fomu ya I-20, inayohitajika kuomba viza ya mwanafunzi ya F-1, mpaka kione fedha za kujazia. Tuchukue mfano wa chuo kinachogharimu dola 40,000 kwa mwaka. Ufadhili wa asilimia 60 unaonekana mkubwa, lakini unaiachia familia dola 16,000, zaidi ya faranga za Rwanda milioni 20, kila mwaka, kwa miaka minne.

Ahadi ya kocha kwa simu haimfungi mtu. Kinachofunga ni mkataba wa ufadhili ulioandikwa na chuo na kutiwa saini, unaotaja kiasi na muda. Mzazi aulize waziwazi: mwanangu akiumia goti, je, ufadhili unaendelea? Kocha akihama? Makocha wazuri hawakasirishwi na maswali haya.

Msomaji atakuwa amesikia pia kwamba wachezaji wa vyuo sasa wanalipwa. Ni kweli: kufuatia makubaliano yaliyoidhinishwa na mahakama Juni 2025, vyuo vilivyojiunga nayo vinaweza kugawana mapato na wanamichezo wao. Lakini mwenye viza ya F-1 amebanwa sana katika kufanya kazi na kupokea malipo. Asisaini mkataba wowote wa matangazo kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa nje ya chuo chake.

Mtu wa kati

Wapo watu waaminifu wanaounganisha vijana na makocha. Wapo pia wanaokusanya milioni mbili za faranga kutoka kwa mjane na kutoweka. Kipimo kimoja husaidia kuwatenganisha: NCAA hairuhusu mtu alipwe asilimia ya ufadhili atakaoupata mchezaji. Anayedai sehemu ya ufadhili, kwa hiyo, si tu kwamba anajilipa vizuri, anaweza kumfungia mtoto mlango ule ule anaodai kuufungua.

Tahadhari iwe kubwa zaidi mtoto anapotakiwa kuondoka akiwa bado sekondari. Sheria ya Marekani humruhusu mwenye F-1 kusoma sekondari ya umma kwa miezi 12 tu, na kwa kulipa gharama yote, hivyo shule halali za njia hii kwa kawaida ni za binafsi zenye idhini ya serikali ya kupokea wageni. Orodha ya shule hizo iko wazi mtandaoni. Pamewahi kuripotiwa vijana wa Kiafrika waliofikishwa katika shule zisizo na walimu wa kutosha, wakalala wengi chumba kimoja, na masomo yao yakakataliwa na NCAA. Kabla ya kusaini, mama au baba apige simu shuleni mwenyewe, azungumze na mkuu wa shule badala ya kocha, ajue mtoto atalala nyumba ya nani, na nani atampeleka hospitali.

Mzazi asiyejua Kiingereza asione haya kumwita mwalimu au jirani amtafsirie. Kusaini asichokielewa ndiko kwenye aibu.

Kocha wa mbali anataka kuona nini

Kocha aliye maili elfu nane kutoka hapa hutazama dakika tatu au nne za video, na akivutiwa huomba mchezo mzima. Namba ya jezi ionekane. Ziwemo picha za kijana akikaba, akirudi nyuma mbio na akitoa pasi, maana video ya madanki matupu haimwambii kitu. Barua pepe iwe fupi: jina, mwaka wa kumaliza S6, urefu wa kweli bila viatu, wastani wa alama, na namba ya kocha wake wa Kigali. Iandikwe mwanzoni mwa S5, kwa vyuo 40 au 50 vya madaraja tofauti, vidogo vikiwemo. Wengi hawatajibu, na hilo ni jambo la kawaida.

Pasipoti ya nani?

Ombi la viza lina ada ya dola 185, na kuna nyingine ya dola 350 ya mfumo wa kuwafuatilia wanafunzi wa nje. Mahojiano hufanyika Ubalozi wa Marekani, Kigali. Lakini kwa familia nyingi zinazozungumza Kiswahili jijini, swali la kwanza ni la uraia. Juni 2025 Marekani iliiweka Burundi katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamezuiwa kupata aina kadhaa za viza, ya wanafunzi ikiwemo. Miezi miwili kabla ya hapo, tarehe 5 Aprili, ilitangaza kufuta viza zote za wenye pasipoti za Sudan Kusini. Siku hiyohiyo Maluach alikuwa uwanjani na Duke katika nusu fainali ya ubingwa wa vyuo.

Orodha hizo hubadilika, kwa hiyo hali ithibitishwe ubalozini kabla ya kulipa ada yoyote. Kijana mkimbizi kutoka Kongo au Burundi aulizie mapema hati ya kusafiria ya wakimbizi, ambayo huchukua muda, na aambatanishe ombi lake na barua ya chuo. Yule ambaye mlango wa Marekani umefungwa kwake kwa sasa aandike pia Kanada, ambako ufadhili wa michezo wa vyuo kwa kawaida huishia kwenye ada za masomo, na gharama za kuishi hutafutwa kwingine. Ripoti zake za S3 hadi S6 zitahitajika huko vilevile.